Jiko la Bi. Léontine

Asubuhi waliyokuja kuibomoa nyumba yake, Bi. Léontine Goossens alikuwa jikoni akimenya viazi vya mchana. Jiko lilikuwa ghorofa ya pili, upande wa nyuma. Chini yake palikuwa na karakana ya viatu ya marehemu mumewe, na juu yake chumba cha kulala na paa lililovuja. Tufe la chuma la wabomoaji lilianza na paa. Kikafuata chumba cha kulala pamoja na kitanda, kisha ukuta wa mbele, ngazi, karakana, na ile harufu ya gundi iliyokuwa imekaa humo tangu kabla ya vita. Vumbi lilipotulia, wafanyakazi wakaona kwamba jiko limebaki.

Lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, hewani, likiizidi kidogo kimo nguzo ya taa ya barabarani. Kuta zake nne zilikuwepo, sakafu yake ya vigae vyeusi na vyeupe, dirisha lake lenye pazia la mirabaraba, na mlango ambao sasa ulifungukia hewa tupu. Chini yake hapakuwa na kitu. Bi. Léontine alichungulia mlangoni, akaona ngazi haipo, akarudi kwenye viazi vyake kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.

Msimamizi wa wabomoaji alilitazama jiko lile mikono kiunoni, akatuma mtu kuwaita zimamoto. Zimamoto walikuja, wakaegemeza ngazi, wakagonga sakafu kwa nyundo kutokea chini na kusema ni imara. Fundi wa maji akafunga koki ya mtaa mzima, lakini bomba la jikoni likaendelea kutoa maji. Fundi wa gesi naye akafunga yake, lakini moto wa jikoni ukaendelea kuwaka. Mwisho msimamizi akasema yeye alitumwa kubomoa nyumba, na nyumba ni paa, ngazi na mlango wa mbele, na vyote hivyo viko chini. Jiko peke yake si nyumba. Akaenda kula.

Irma, binti wa pekee wa Bi. Léontine, alikuwa kazini kwenye kiwanda cha biskuti habari zilipomfikia. Alikuja kwa tramu, aproni bado kiunoni, akapanda juu ya kifusi cha nyumba aliyozaliwa.

"Mama! Shuka!"

"Nishuke na nini? Ngazi wameivunja."

"Zimamoto wana ngazi!"

"Basi panda wewe. Chakula kiko tayari."

Irma akapanda. Vilikuwa viazi vya kupondwa na karoti, na soseji moja waliyogawana. Walikula wakitazama mlango ulio wazi, na kupitia mlango huo mtaa mzima uliolala chini kama meza iliyopinduliwa.

Habari ya minara ilikuwa imeanza miaka kadhaa nyuma. Brussels ulikuwa mji wa nyumba nyembamba zilizobanana kama abiria kwenye benchi, na wakubwa wake walianza kuuonea haya. Walikuwa wamesimamisha mnara wa bima karibu na bustani ya mimea, wakaupenda. Wakasimamisha mwingine penye stesheni ya kusini, mrefu kuliko jengo lolote nchini, wakajipenda zaidi. Sasa wakataka msitu mzima wa minara, na msitu huo ungeota Mtaa wa Kaskazini, nyuma ya stesheni, walikokaa wapakuzi wa mfereji, wafua nguo, washona viatu, na watu waliotoka mashambani wakakosa nauli ya kurudi.

Waliweka kielelezo cha mtaa mpya kwenye ukumbi, kila mtu akakione. Minara ilikuwa ya plastiki inayong'aa. Magari yalipita chini na watu wakapita juu, kwenye madaraja, na watu wenyewe walikuwa vijitu vyeupe visivyo na nyuso. Irma alienda mara mbili. Alikuwa msichana bado, mwenye Kifaransa safi cha shule ya masista na Kiflemi cha sokoni, na mabwana wa mpango wakamwomba afuatane nao nyumba kwa nyumba awasaidie kuzungumza na wazee. Ahadi ilikuwa hii: watu waondoke kwa amani, minara ijengwe, kisha warudi wakae humo humo, kwenye vyumba vyenye joto, bafu na lifti, kwa kodi ileile.

Irma aliamini. Hakulipwa kitu. Alikunywa kahawa kwenye kila jiko la Mtaa wa Kinu, barabara yao wenyewe ndani ya Mtaa wa Kaskazini, na kila alipotoka, mwenye nyumba alikuwa amekubali.

Aliyempa kazi zaidi ni Mzee Fons Bracke, mbeba makaa mstaafu aliyefuga njiwa wa mashindano darini.

"Irma," alimwambia, "babu yangu aliambiwa maneno hayahaya walipotaka kujenga lile jumba la mahakama kule kilimani. Ondoka kidogo, utarudi. Mpaka leo hajarudi."

"Babu yako si amekufa, Mzee Fons?"

"Ndiyo nakwambia. Hajarudi."

Tangu jumba lile lilipowafagia babu zao, watu wa hali ya chini wa Brussels walikuwa na tusi moja lililozidi hata tusi la mama: "mchora-majumba mpindapinda wewe." Wanaume walishikana mashati kwa ajili ya neno hilo. Fons alilitamka mara tatu siku ile, akiwaelekea mabwana waliosimama nje. Kisha akamgeukia Irma.

"Naondoka kwa sababu umesema wewe. Si kwa sababu wamesema wao. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ni Bi. Léontine tu aliyekataa, na wala hakukataa kwa hasira. "Mnara sijaukataa mimi," alimwambia binti yake. "Waje wajenge. Watanikuta." Irma aliona aibu mbele ya mabwana kwamba amewashawishi wote akashindwa na mama yake. Baada ya kubomolewa alipata chumba kwenye nyumba za serikali kule Evere, chumba cha muda, mpaka minara iwe tayari.

Minara haikuwa tayari. Mafuta yalipanda bei duniani, wenye fedha wakatawanyika, na msitu ukaishia kwenye miti miwili mitatu iliyosimama mbalimbali kama walevi. Pengine pote palibaki uwanda wa kifusi. Nyasi zikaota, sungura wakaja, kisha mtu akasawazisha na kupafanya maegesho. Magari yaliegeshwa chini ya jiko la Bi. Léontine, na wenye magari walipapenda pale kwa sababu mvua haikufika.

Yeye aliishi juu. Alilala kwenye kochi karibu na jiko la gesi. Mkate na mboga alivivuta kwa kamba, taka akazishusha kwa kamba ileile, na ndoo aliishusha alfajiri kabla wenye magari hawajafika. Ngazi ya darini ya Mzee Fons ilibaki imeegemezwa mlangoni, na Irma aliipanda kila Jumapili. Padri aliipanda kila Pasaka, akilalamika magoti. Bi. Léontine mwenyewe hakuikanyaga hata mara moja. Mtaa wote uliamini kwamba jiko linashikwa na yeye, kwamba siku atakayotoa mguu wake nje litaporomoka. Hakuna aliyelisema kama jambo la ajabu. Walilisema kama watu wasemavyo kwamba mlango fulani haufungi vizuri wakati wa baridi.

"Na kweli ukishuka litaanguka, shemeji?" Fons alimwuliza siku moja kutoka chini. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na walitaniana.

"Wewe njoo usimame hapo hapo chini, kisha nishuke tujue."

Njiwa wa Fons walikuwa na shida yao. Alikuwa amehamia chumba cha chini ya ardhi kule Schaerbeek, chenye dirisha linaloona viatu vya wapita njia, na mwenye nyumba hakutaka ndege. Akawapeleka kwa mpwa wake kijijini. Lakini njiwa hurudi alikozaliwa. Kila walipofunguliwa waliruka hadi Mtaa wa Kaskazini, wakazunguka angani pale lilipokuwa dari la Fons, wakazunguka mpaka wakachoka, kisha wakatua kwenye dirisha la Bi. Léontine. Aliwapa makombo, na Jumapili Fons akaja kuwachukua na kikapu.

Jumapili hizo walikuja pia majirani wengine wa zamani. Walisimama kati ya magari, Bi. Léontine akashusha sufuria ya supu ya liki, nao wakanywa kwa zamu na kuulizana wanakaa wapi. Mmoja alikaa nyuma ya gereji. Mwingine kwa mkwe wake kule Vilvoorde, ambako hakuruhusiwa kupika. Mfua nguo wa nyumba namba saba alihamishwa mara nne. Waliulizana pia, kwa sauti ya chini, Irma akisikia, kama kuna habari yoyote ya vile vyumba. Kila mwaka waliokuja walipungua, na sufuria ikarudi juu na supu nyingi zaidi.

Ndipo Irma alipoanza kupigania ahadi. Aliunda kamati, akawa anaenda ofisi hadi ofisi. Alikuwa ameolewa na dereva wa tramu na kuachika, nywele zikaanza mvi, na bado alikaa kwenye viti vya kusubiri akiwa na begi lilelile mapajani. Kila ofisi ilimwambia jambo hilo ni la ofisi nyingine. Ahadi ni deni, wasema watu, lakini deni linataka mdaiwa, na hapa mdaiwa alikuwa kila siku ametoka kidogo.

Hatimaye fedha zilirudi, na mnara ukaja. Bwana Delvigne wa kampuni ya ujenzi alipanda ngazi akiwa amevaa kofia ngumu ya njano, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Alikuwa mtu mpole. Alifuta viatu kabla ya kukanyaga vigae, akaikubali kahawa.

"Bi. Goossens, sisi si wale wa zamani. Wale walibomoa. Sisi tunajenga."

"Ni kampuni nyingine?"

"Jina ni jingine."

Bi. Léontine akamwekea sukari. Delvigne alieleza kwamba wachoraji wamelipima jiko na kurekebisha mchoro. Sakafu ya ghorofa ya pili itainuliwa kiasi cha upana wa kiganja ili iende sawa na vigae vyake, asijikwae. Hatatozwa chochote.

"Na mfereji nitauona?"

"Kwa bahati mbaya hapana. Dirisha lako litatazama Uhasibu."

"Uhasibu ni nani?"

"Watakuwa vijana wazuri," alisema Delvigne.

Mnara ulipanda ukilizunguka jiko kama maji yanavyolizunguka jiwe. Nguzo zilipita pembeni, zege likamwagwa kwa uangalifu chini yake na juu yake, vioo vikapandishwa. Siku ya ufunguzi palipigwa tarumbeta. Sasa Bi. Léontine alipofungua mlango wake aliona zulia la kijivu, meza nyingi na vijana wenye tai. Upande wa joto hakuwa na la kulalamika, maana hewa ya mnara ilikuwa vuguvugu mwaka mzima, na baridi yabisi yake ikapungua. Choo kilikuwa hatua chache tu kwenye ukumbi, lakini hakuvuka kizingiti. Aliendelea na ndoo, na mfanyakazi mmoja wa usafi, mwanamke wa Kireno, aliichukua asubuhi. Mchana harufu ya kitunguu ilienea Uhasibu nzima. Vijana wakaanza kumsalimia, kisha wakaanza kuja na mabakuli.

"Leo nini, Bibi?"

"Chikori na nyama. Kaa, usile umesimama kama farasi."

Wakati huohuo kamati ya Irma ilifanikiwa, baada ya miaka yote ile, kupata tume ya kuisikiliza. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye glovu za kijivu. Irma alileta waliosalia: Mzee Fons, mfua nguo wa namba saba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na wengine wachache. Walizungumza vizuri. Fons hakumtukana mtu. Tume ilionekana kuguswa. Kisha wakili wa kampuni akasimama, akaomba tume itembelee mnara, ghorofa ya pili.

Walikwenda adhuhuri. Bi. Léontine alikuwa amevaa blauzi yake nzuri kwa sababu Delvigne alimwarifu kuna wageni. Hakuambiwa ni wageni gani. Alimwona binti yake nyuma yao, akafurahi, akaongeza sahani.

Mwenyekiti alivua glovu, akaonja supu.

"Bi. Goossens, wewe ni mkazi wa zamani wa mtaa huu?"

"Wa zamani na wa leo, mama. Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, kama ingekuwepo."

"Na unaishi hapa?"

"Unaniona."

"Kuna joto?"

"Lipo. Kusema kweli nafuu kuliko zamani."

"Unalipa kodi kubwa?"

"Silipi hata senti."

Alijibu kwa fahari, mgongo umenyooka. Alidhani anamsaidia binti yake, kwamba anawaonyesha wakubwa hawa kuwa watu wa Mtaa wa Kinu ni watu wa kukaa na si wa kuhamahama. Irma alijaribu kuingilia.

"Mheshimiwa, hili silo tulilokuja kulisema."

"Bi. Irma, huyu ni mama yako? Anaishi ndani ya mnara?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo mkazi amerudishwa."

"Hajarudishwa! Hajawahi kuondoka!"

"Basi ni vizuri zaidi," alisema mwenyekiti, akamaliza supu yake.

Uamuzi ulitoka kabla ya Krismasi. Tume iliona kwamba ahadi ya kuwapa makazi wakazi wa mtaa ndani ya minara ilitekelezwa kikamilifu kwa mkazi aliyekuwepo mahali hapo mnara ulipokamilika. Wakazi wengine hawakuwepo. Kamati ya Irma ikavunjwa kwa kukosa shauri. Mzee Fons alisikiliza uamuzi ukisomwa, kofia mapajani, kisha akamgusa Irma bega.

"Si kosa lako. Umesema Kifaransa kizuri sana."

Irma hakumlaumu mama yake. Alikuja Jumapili kama kawaida, mlinzi akamfungulia, akakaa mezani asiguse chakula. Bi. Léontine alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

"Nimekosea wapi? Waliniuliza, nikajibu kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Nilibaki kwa ajili yenu. Ili wasije wakasema hapakuwa na mtu."

"Ndivyo walivyosema, Mama. Kwamba palikuwa na mtu."

Januari ile Mzee Fons alikuja mnarani peke yake, siku ya kazi, na kikapu mkononi. Njiwa mmoja hakuwa amerudi kwa mpwa wake, na alifikiri labda yuko kwa shemeji yake. Wasichana wa mapokezi walimwuliza mwenyeji wake ni nani. Akawaambia ni Bi. Goossens wa ghorofa ya pili. Wakatafuta, wakamwambia kwa upole kwamba mwenyeji ni lazima awe mwajiriwa, na Bi. Goossens si mwajiriwa. Akauliza kama wanaweza kumwita ashuke. Wakasema Bi. Goossens huwa hashuki. Fons akasema hilo analijua. Alikaa kidogo kwenye ukingo wa chungu kikubwa cha maua, chini ya vioo, kisha akaenda zake. Dirisha la jiko halikuwa tena na nje, kwa hiyo njiwa hawakuwa na pa kutua. Walikuwa wakigonga vioo vya mnara na kuanguka, na asubuhi mwanamke wa Kireno aliwafagia.

Fons alikufa kwa kifua mwanzoni mwa Februari, kwenye chumba chake cha chini ya ardhi, ambacho maji yalikuwa yameingia. Irma alikwenda kumwambia mama yake. Alimkuta akikaanga vitunguu, Uhasibu wakisubiri na mabakuli. Akasema mbele ya wote, maana hapakuwa na pa kujificha.

Bi. Léontine akaondoa kikaango motoni.

"Alikuja kuniona?"

"Alikuja. Hawakumpandisha."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Vijana wa Uhasibu walitazama zulia. Irma alikaa karibu na mama yake, akamshika mkono uliojaa harufu ya vitunguu, na kwa mara ya kwanza akamwomba alichokuwa akikitaka tangu uamuzi ule.

"Shuka, Mama. Ukishuka jiko litaanguka. Hawatakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Itabidi tusikilizwe upya."

"Na mimi nitawaonyesha nini watu?"

"Utakuwa na mimi."

Bi. Léontine alilizungusha jicho kwenye kuta zake. Hakulia. Alisema wampe nafasi ya kujiandaa, na kwamba vijana hawa waondolewe kwanza, maana hana ugomvi nao, na dari la huko chini nalo lisije kumwangukia mtu. Delvigne alipoarifiwa alikubali mara moja. Aliagiza ghorofa tatu zihamwe kwa siku nzima, akaweka nguzo za chuma, akawaita zimamoto wasimame na mipira yao. Alimletea pia shada la maua, na Bi. Léontine akalitia kwenye chupa ya maziwa, ingawa aliona ni upuuzi kutia maua maji mahali panapokwenda kuanguka.

Siku ilipofika alizima gesi. Alikausha sinki kwa kitambaa, akakikunja kitambaa. Alivaa koti, kitambaa cha kichwa na viatu alivyoshonewa na marehemu mumewe, ambavyo havikuwahi kukanyaga barabara. Hakubeba kitu kingine. Irma alisimama upande wa zulia akamnyoshea mkono, na mama yake akavuka kizingiti kama mtu anayeshuka kwenye tramu ambayo haijasimama sawasawa.

"Twende upesi," alisema. "Sitaki kulisikia."

Alikivuta kitambaa cha kichwa mpaka masikioni. Wakashuka kwa lifti, wakatoka nje kwenye upepo, na hakugeuka nyuma. Irma alitaka kugeuka, lakini mama yake alikuwa amemshika mkono kwa nguvu. Tramu ilikuja ikipiga kelele za chuma, wakapanda, na mji ukapita dirishani, vioo juu ya vioo, mpaka Evere.

Juma lililofuata Irma alirudi mnarani peke yake. Wasichana wa mapokezi walimpa kibandiko cha mgeni, akakibandika kifuani. Ghorofa ya pili watu walikuwa kazini. Jiko lilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, na ndani yake palikuwa na mashine ya kahawa juu ya jiko la gesi, na vijana wa Uhasibu walikuwa wamepanga foleni. Wawili walikuwa wamekalia kochi.

Delvigne alikuja kumsalimu.

"Halikuanguka," alisema Irma.

"Halikuanguka. Mafundi walipima tena walipoondoa nguzo. Wanasema halitegemei kitu. Halijawahi kutegemea kitu."

"Hata mama yangu?"

"Hata mama yako. Pole sana." Alionekana kusikitika kweli. "Tumeona ni afadhali litumike kuliko kukaa bure. Na wenyewe wanalipenda."

"Sasa mkazi hayupo. Tume itabidi ikae tena."

"Nimewauliza wanasheria wetu. Mkazi alipewa makazi, akahama kwa kutaka kwake. Yamekwisha, Bi. Irma. Hukumu haigeuki kwa sababu mtu amehama." Akamkabidhi boksi lililofungwa vizuri kwa kamba. Ndani yake palikuwa na sahani za mama yake, kila moja imezungushiwa gazeti, na hakuna hata moja iliyopata ufa. "Tulidhani atazihitaji. Utakunywa kahawa?"

Irma alikataa kahawa. Boksi alilibeba mpaka kituo cha tramu na kukaa nalo mapajani. Tramu ya kwanza ilikuja ikaondoka, na ya pili. Ya tatu ilipofika alilisukuma boksi chini ya benchi kwa mguu, akapanda bila kulitazama.

Mama yake alikuwa kwenye meza ya plastiki kule Evere, akijaribu kumenya liki kwa kisu asichokizoea, kando ya jiko la umeme alilokuwa akiliogopa. Hakuinua macho.

"Limeanguka?"

"Limeanguka, Mama."

"Lote?"

"Lote. Tulipotoka tu."

"Na sahani?"

"Hakuna iliyopona."

Bi. Léontine akatikisa kichwa polepole. Alikata mizizi ya liki, akaisukuma pembeni.

"Limeumiza mtu?"

"Hapana. Walikuwa wametolewa wote."

"Afadhali," alisema mama yake. "Wale watoto wa Uhasibu walikuwa wakinisalimia vizuri."